Wiki Tatu za Kuijaribu Zagayu

Jumatatu, 3 Julai 1995

Siku ya nne hapa kijijini Zagayu. Nimeamka saa kumi na moja, nimenawa uso kwa kikombe kimoja, yaliyobaki nimemalizia miguuni. Maji ya hapa yanachimbwa kwenye mchanga wa mto uliokauka. Unachimba, unasubiri, unachota kwa kata, unasubiri tena. Kwetu Morogoro maji yanashuka mlimani yenyewe, hata usipoyataka yanapita mlangoni.

Nchi ni tambarare mpaka inaudhi. Ukitazama mbele unaona mpaka mwisho, na huko mwisho hakuna kitu. Udongo mweusi umepasuka nyufa za kuingia mguu. Miti imekatwa yote, imebaki minyaa ya kuzungushia miji ya watu. Vumbi liko kwenye meno. Sijaipenda.

Niandike ukweli, maana hakuna wa kuusoma. Miaka kumi na saba nimekuwa mkaguzi wa pamba kwenye ghala la ushirika kule Kilosa. Mwezi wa pili tukaitwa ofisini, tukapewa mkono wa kwaheri na soda moja moja. Soko huria. Kila kitu ruksa. Ikawa ruksa na sisi kukaa nyumbani. Sasa kampuni moja ya watu binafsi inayonunua pamba huku Bariadi imeniita. Wananijaribu wiki tatu, na mimi nawajaribu wao. Tukielewana nahamia moja kwa moja, nimlete na mwanangu Zawadi, aliye darasa la sita. Mama yangu amekwisha kusema hahami, mifupa yake ni ya mlimani. Zawadi ameniuliza tu kama huku kuna mlima.

Wamenipangia chumba kwa Mama Kija, mjane. Wanawe wote wameolewa au wamehama. Nyumba ya tofali mbichi, bati jipya upande mmoja, majani upande mwingine. Godoro ni gunia la pamba. Angalau nalalia ninachokijua.

Jumanne, 4 Julai

Leo nimekosea bila kujua nimekosea nini. Wamekuja wanawake watatu kwa Mama Kija. Wamepiga goti, wamenisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," umeamkaje mama. Nimejibu "nzuri," nikaendelea kufua. Kumbe hapo ndipo salamu ilikuwa inaanza. Kulikuwa na kuulizana habari za mji, za watoto, za ng'ombe, za mvua ambayo kila mtu anajua haikunyesha. Wakasimama pale wananisubiri. Mimi nafua tu.

Walipoondoka Mama Kija akaniuliza mimi ni ng'wana nani. Mtoto wa nani. Nikamtajia ukoo wa mama yangu, maana kwetu mtu ni wa mama yake. Akatikisa kichwa. Akarudia swali polepole, kama anayeongea na kiziwi. Nikamwambia baba ni Mkude. Akapumua. "Basi. Wewe ni ng'wana Mkude." Baba aliyetuacha mimi nikiwa wa kunyonya, leo ndiye amenipa jina huku. Imeniuma kuliko nilivyotegemea.

Jioni ugali wa mtama na mlenda. Nimekula. Njaa haina adabu.

Alhamisi, 6 Julai

Kituo cha kununulia hakijafunguliwa. Mizani imefika, turubai limefika, mimi nimefika. Meneja yuko Bariadi mjini anasubiri sijui nini. Nimeshinda nyumbani kwa watu kama mzigo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi hata jembe sijapewa.

Mchana nimemkuta Mama Kija amekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, anachambua pamba yake. Nikasimama kutazama. Nimetazama muda mrefu.

Anashika tonge moja la pamba. Anaitoa jani. Anaitoa ganda. Anaigeuza kwenye mwanga. Nyeupe inakwenda kulia, safi. Iliyoingia manjano au iliyotobolewa na mdudu inakwenda kushoto, fifi. Hakosei. Nimemfuatilia makusudi nimfumanie, mimi niliyewarudisha wanaume wazima na mikokoteni yao. Hakosei hata moja. Nikachukua kidogo kwenye rundo la kulia, nikaminya kwenye ngumi, nikafungua. Ikainuka yenyewe. Nikang'ata mbegu, ikalia kach. Kavu kabisa.

Akasema alifundishwa na mama mkwe, na kwamba zamani kwenye chama cha msingi safi ilikuwa na bei yake na fifi bei yake. Msimu uliopita walikuja wanunuzi wapya, hawakutazama. Majirani wameacha kuchambua. Wengine wanatia maji na mchanga iwe nzito. Yeye ameshindwa kuacha. "Mkono unakataa, mayu."

Nimekaa naye kwenye mkeka. Tumechambua mpaka jua likashuka. Ni mara ya kwanza tangu mwezi wa pili nimefanya kazi ninayoijua. Nilikuwa na furaha. Naiandika ili nisije kuikana.

Jumapili, 9 Julai

Baada ya kanisa mwenyekiti wa kitongoji amenipa nafasi niseme na watu. Mkutano chini ya ukuta wa shule. Wanaume mbele kwenye viti, wanawake chini nyuma. Nilisema na wale wa nyuma.

Nimewaambia mimi ndiye mkaguzi. Nimewaambia chambueni. Leteni mafurushi mawili, safi mbali, fifi mbali, kavu, bila majani. Mimi nitazitenga na safi italipwa kama safi. Nimesema kwa sauti. Nimesema "mimi" mara nyingi mno.

Mama mmoja akauliza kwa Kisukuma, Mama Kija akanitafsiria: je, hayo kayasema Meneja au nayasema mimi? Nikajibu kwamba mkaguzi haulizi meneja pamba ni nyeupe au si nyeupe. Wanawake wakacheka. Wakapiga vigelegele. Ahadi ni deni, lakini leo nilijiona tajiri.

Jumanne, 11 Julai

Kijiji kizima kimekuwa cheupe. Kila nyumba mkeka, kila mkeka mwanamke, wengine na mabinti zao. Nilipita asubuhi nikahesabiwa mtu. Salamu ndefu, nimejifunza kuzingoja. Nimepiga goti kidogo, goti likalia, wakafurahi. Nimepewa michembe, viazi vile vilivyokaushwa, nikala nikitembea.

Nimekwenda kuiona shule. Madawati machache, lakini mwalimu wa darasa la saba anafundisha kweli, nilimsikia nikiwa nje. Kuna nyumba ya vyumba viwili karibu na Mama Kija, mwenyewe yuko Lamadi kwenye biashara ya samaki, anaipangisha. Nimeipima kwa hatua. Kitanda changu kinaingia. Cha Zawadi kinaingia.

Nchi haijabadilika, bado inaudhi. Ila nimeanza kuona jioni rangi ya udongo inavyokuwa. Nisijisifu mapema.

Alhamisi, 13 Julai

Nimechelewa kuandika. Mkono hautaki.

Kituo kimefunguliwa saa mbili. Wanawake walikuwa wamekwishapanga foleni tangu alfajiri, kila mmoja na mafurushi mawili ya shuka. Mama Kija wa kwanza. Nikaanza kazi kama inavyotakiwa. Nafungua, natia mkono mpaka katikati, naminya, nang'ata mbegu, naandika.

Ng'ambo ya barabara likaja lori la bluu la kampuni nyingine. Wakaning'iniza mizani kwenye mti. Hawakufungua furushi hata moja. Mwanamume mmoja alishusha gunia linachuruzika maji, nililiona kwa macho yangu, wakapima, akalipwa, akaondoka anapiga mluzi. Watu wakaanza kutoka kwenye foleni yangu kwenda kule.

Saa nne Meneja akafika na pikapu. Akatazama foleni, akatazama ng'ambo. Akaja mpaka kwenye turubai langu, akachukua furushi la safi la Mama Kija, akalimwaga. Akachukua la fifi, akalimwaga juu yake. Akavuruga kwa mguu. "Mama, hapa hatufanyi mtihani. Pima." Bei moja kwa zote, kama ng'ambo.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti na sikusimama. Nimepima. Nimeandika uzito. Mama Kija alikuwa anatazama lile rundo, hakunitazama mimi. Baada yake wa pili, wa tatu, wote. Pamba yao ilikuwa kavu, imetolewa kila jani na kila ganda, kwa hiyo ilikuwa nyepesi kuliko ya mtu yeyote. Waliotia maji wamepata zaidi. Waliofanya uvivu wamepata zaidi. Siku nne wanawake wamejipunguzia uzito kwa mikono yao kwa sababu mimi nilisema.

Yule mama aliyeuliza swali Jumapili alikuwa wa sita. Alipopokea chake alisema neno moja kwa Kisukuma. Sikuomba nitafsiriwe.

Ijumaa, 14 Julai

Nimepima. Nimeandika. Mama Kija ameniwekea chakula mlangoni, amekwenda kula jikoni peke yake. Afadhali angetukana.

Jumapili, 16 Julai

Sikwenda kanisani. Nilikwenda mtoni kuchota maji. Wanawake walikuwepo. Nikasema "Mwangaluka," nikapiga goti, nikangoja. Wakajibu neno moja, basi, wakaendelea na ndoo zao. Safari hii mimi ndiye niliyesimama pale nasubiri.

Nimestahili. Lakini nimekasirika pia, na hasira nyingine ni juu yao. Nilidhani nani alinituma? Hakuna. Mkaguzi haulizi meneja. Upuuzi mtupu. Ushirika ulinipa kofia na muhuri, nikaamini ni akili zangu. Muhuri umebaki Kilosa, mdomo nimekuja nao.

Jumatatu, 17 Julai

Nimekwenda Bariadi mjini kumwona Meneja. Mji wenyewe ni barabara moja, maduka ya mitumba, redio mpya kila duka, mashine za kusaga. Kiwanda cha kuchambulia pamba kinanguruma, malori yamepanga foleni mpaka nje. Kila mtu ana haraka ya kununua kitu kutoka kwa mtu mwingine.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nimeshindwa hata hilo. Ni kijana mpole, amenipa chai, amenisikiliza mpaka mwisho. Akasema ni kweli, Mama, unayosema ni kweli tupu. Lakini nikiweka bei mbili, lori la bluu linachukua zote. Nikikosa pamba, kiwanda kinasimama, mimi na wewe tunakwenda nyumbani. Nikamaliza chai yake.

Kisha akasema jambo jingine. Pamba mbichi imeanza kupata moto kwenye rundo na kuoza. Kuanzia Jumatano nirudishe iliyotiwa maji. Hiyo tu. Nyeupe, manjano, majani, nisitazame. Maji tu. Kwa hiyo katika miaka yangu kumi na saba wamebakiza kipande hicho.

Anataka jibu Jumamosi. Nahamia au sihamii. Anasema kazi ni ya mwaka mzima, msimu ukiisha nitakuwa kiwandani. Nilitaka kusema hapo hapo sitaki. Nikalikumbuka ghala letu la Kilosa, mlango umefungwa kwa mnyororo, wenzangu wanauza vitumbua nje yake. Mkono mtupu haulambwi. Nikasema nitajibu Jumamosi.

Jumatano, 19 Julai

Nimerudisha watu saba. Wazoefu wanajua, wanaloweka katikati na kufunika kavu juu, lakini mkono wangu unafika katikati. Walinitukana kidogo, wakavuka barabara, lori la bluu halikuwepo, wakarudi kwao. Sikujali. Ilikuwa karibu niwe mtu tena.

Saa sita akaja Mama Kija na mchumo wake wa pili. Furushi moja tu. Nilijua kabla sijalifungua. Shuka ilikuwa imeshika rangi nyeusi ya maji. Nilipotia mkono ilikuwa baridi, imegandamana, maji yakaniingia chini ya kucha. Alikuwa amemimina ndoo nzima, kama mtu anayemwagilia bustani. Hakuwa amechambua. Majani, maganda, zote humo humo.

Aliniangalia usoni. Mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Watu wamejaa. Saba wamekwisharudishwa, wengine bado wamekaa pembeni wanatazama nitamfanyaje mwenye nyumba wangu. Nikasema, "Rudisha."

Akalifunga. Akalipandisha kichwani mwenyewe, hakuna aliyemtwisha, wala mimi sikumtwisha. Maji yakamtiririka shingoni mpaka kwenye kanga. Mwanamume mmoja akasema, "Huyu hata kuiba hajui," wakacheka. Nimewatazama wanavyocheka na nikatamani ardhi yao yenye nyufa iwameze wote, nikiwemo.

Aliniambia mkono unakataa. Mimi ndiye niliyeulazimisha.

Alhamisi, 20 Julai

Asubuhi nilifunga begi. Niliamua sihamii, narudi Morogoro, nikauze vitumbua na wenzangu. Niliamua kabisa.

Jioni kabla ya kupika Mama Kija akaniita ndani. Pamba yake ilikuwa imeanikwa tena kwenye mkeka, inanuka uvundo. Hakuwa na hasira. Aliniuliza kama anavyoweza kumuuliza mtu bei ya chumvi.

"Mayu, wewe ndiwe unayejua. Wanaume wanafanya vipi mpaka inapita? Nionyeshe."

Nikamwambia siwezi. Akasema, "Ulisema tuchambue, tulichambua. Sasa sema na hili."

Nikakaa chini. Kisha nikamwonyesha. Mungu anisamehe, nimemwonyesha vizuri. Nimemwambia maji hayamwagwi kwenye pamba, hao wanaofanya hivyo ni wajinga, nimewakamata miaka yote. Maji yanamwagwa sakafuni. Sakafu ya udongo inakunywa. Unatandika mkeka, unatandaza pamba juu yake nyembamba, unafunga mlango na dirisha. Asubuhi pamba imevuta unyevu wote sawasawa, hakuna sehemu ya baridi, ukiiminya inainuka. Nimemwonyesha kiasi cha ndoo. Nimemwonyesha unene wa pamba kwa vidole. Hii njia sikufundishwa na mtu. Ni yangu. Nimewahi kuiwaza mara nyingi nikiwa ghalani, nikijiuliza ni nani angeweza kunishinda mimi.

Tumefanya pamoja. Akateleza kwenye matope ya chumba chake mwenyewe, akakaa kitako, tukacheka mpaka machozi. Hicho ndicho kinachonichoma. Tulicheka. Tumekula ugali kwenye sahani moja.

Begi bado limefungwa.

Jumamosi, 22 Julai

Walikuja wanawake kumi na mmoja. Mama Kija amewaambia, sikumkataza. Kila mmoja na furushi moja. Walipanga foleni bila kelele.

Nilifungua, nikatia mkono mpaka katikati, nikasema kavu. La pili, kavu. Mpaka la kumi na moja. Ilikuwa kazi safi, hakuna mkaguzi nchi hii angeigundua. Yule mama aliyeuliza swali mkutanoni alikuwa wa mwisho. Nilipomwandikia uzito alipiga goti, akanisalimu upya kana kwamba ndiyo kwanza ananiona, habari za mji, habari za mtoto, habari za mvua. Nikajibu zote.

Meneja alifika mchana. Nikamwambia nakubali. Akanishika mkono, akasema kampuni ina bahati kupata mtu mwenye uzoefu.

Nimefungua begi. Nimekunja nguo kwenye sanduku la Mama Kija, amenipa nafasi upande wa juu. Nimekwenda kumwambia jirani anayeitunza ile nyumba ya vyumba viwili kwamba naichukua, ampelekee ujumbe mwenyewe Lamadi. Sijui barua ya mama yangu niianze vipi. Nitaiandika kesho.

Jioni Mama Kija ameleta maziwa ya mgando kwenye kibuyu, tumekaa nje, upepo umetulia. Ameniuliza mtoto anakuja lini, akamsafishie njia ya mtoni. Nimemwambia Desemba, shule zikifunga.